Mawe Yako Bado Yako Ukingoni

Mpendwa mke wangu, Mama Neema,

Ukungu wa Ngorongoro umeshuka tena hadi mashambani, na tangu asubuhi sijauona ukingo wa pili wa korongo. Masika yamekaribia. Hapa kwetu hakujanyesha bado, lakini wewe ulikuwa ukisema kwamba mvua yetu huwanyeshea wenzetu wa juu msituni, sisi tunaletewa maji tu.

Nakukumbuka zaidi katika mkutano wa kijiji, ule wa kuchagua vipaumbele vya kupeleka halmashauri. Kila mwaka ulisimama, ukakaza khanga yako, ukasema neno lile lile: kivuko, kidaraja cha mawe tu cha kupitia juu ya korongo. Shule, kanisa na barabara ya kwenda Karatu mjini viko upande mmoja wa korongo. Sisi na majirani zetu tuko ng'ambo. Wanaume walikuwa wameanza kukuchoka.

"Mama Neema, korongo hili umelizaa wewe?" mwenyekiti alikuuliza mwaka mmoja.

"Ningelizaa mimi, mwenyekiti, lingekuwa na adabu."

Hata mimi, nisiyependa kelele mkutanoni, nilicheka.

Siku hiyo alikuwepo ofisa mipango wa halmashauri, kijana mpole ambaye viatu vyake vilikuwa vimejaa tope letu. Alitueleza bila kuficha. "Fedha ni kidogo, wazazi wangu. Halmashauri humalizia pale wananchi walipoanzia. Inueni boma, kuta zifike kwenye lenta juu ya madirisha, nasi tutaezeka."

"Na korongo, mwanangu," ulimuuliza, "lenta yake iko wapi?"

Alivitazama viatu vyake.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani uliniambia, "Baba Neema, hawa hawakioni kitu ambacho hakijaanza. Basi tuanze." Kesho yake ulitoka na wanawake wenzako, ngata vichwani, mkabeba mawe kutoka kilimani hadi ukingoni, upande wa shule. Mimi nilikuja na punda wetu, na ukanikaripia mbele ya watu kwa sababu niliyamwaga mawe badala ya kuyapanga. Ulikuwa na haki. Rundo lilikua kiangazi baada ya kiangazi, na jibu la halmashauri halikubadilika: kivuko kitazingatiwa bajeti itakaporuhusu.

Sisemi kwamba wanaoamua ni watu wabaya. Nimewasikiliza, nami naielewa hesabu yao. Jengo huonekana, hupigwa picha, huzinduliwa. Korongo, mvua ikikatika, ni njia ya mchanga tu, na anayekuja na gari wakati wa kiangazi hawezi kuamini kwamba pale tuliwahi kupoteza mtu.

Ulifariki katikati ya masika, mjini, hospitalini. Tulikuleta hadi ukingoni, na maji yalikuwa yamejaa. Tulisubiri. Kaka yako alijaribu kuingia na fimbo, maji yakamfika kifuani, akarudi. Nyumbani kaburi lilikuwa limechimbwa, na waliolichimba walisimama ng'ambo wakitutazama. Mwishowe jirani wa upande wa shule alitukatia kipande cha shamba lake la maharage ya ngwara, tukakuzika humo, hatua chache kutoka kwenye mawe yako.

Sasa mawe hayo yana wenyewe wengi. Kijiji kimeanza boma la zahanati, na wiki iliyopita mwenyekiti alikuja kwangu kwa adabu zote.

"Baba Neema, yale mawe yamelala bure. Tuyapeleke kwenye msingi, halmashauri ije ikute lenta."

"Zahanati itajengwa upande gani?" nilimuuliza.

"Wa shule."

"Basi wagonjwa wetu watakuwa wakiitazama."

Aliondoka bila kunywa chai. Neema naye amekuja, anataka tuyatumie kukujengea kaburi, maana watu wanasema. Nimemkatalia pia. Siku rundo lile litakapoondoka, kivuko hakitakuwa kimeanza, na kwa utaratibu wao kisichoanza hakipo. Kwa hiyo kaburi lako ni udongo mtupu, nami hulipalilia kila njia inapopitika. Nisamehe kwa macho ya watu.

Kuna jambo ambalo sijamwambia Neema. Ukoo umekwisha kusema kwamba nitazikwa nyumbani, karibu na wazazi wangu, na njia ikiwa kavu sina la kubisha. Nikifia hospitalini mjini kama wewe, na iwe kiangazi, watanivusha, nami nitalala ng'ambo yako. Ikiwa masika, itawabidi waniache kwako. Kivuko kikijengwa, watanivusha wakati wowote. Hata hivyo mawe yako sitayatoa, kwa sababu watoto wanaovuka pale kwenda shule ni wengi kuliko sisi wawili. Lakini asubuhi kama hii, ninapoyasikia maji yakija kutoka juu, sikasiriki tena kama zamani.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Neema, wa ng'ambo