Jibu Moja la Shemeji Hemedy

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijamtukana mtu wa kuheshimiwa, maana mimi na shemeji yangu Hemedy, kaka mkubwa wa mume wangu, tunaandika programu za kompyuta hapa Nachingwea, na Jumatatu zahanati moja kule Ruangwa inaanza kutumia programu yetu ya dawa, na ndani yake kuna vielekezi, yaani vipande vinavyoonyesha dawa hii ni ya faili la mgonjwa gani, kikielekea kwingine mgonjwa anameza dawa ya mwenzake. Tulikuwa na mbinu mbili za kuvikagua bila kuiendesha programu, yake na yangu, tukazilinganisha kwa kuhesabu kila kielekezi kinaweza kuelekea mafaili mangapi, yangu ikataja mawili au matatu, yake ikataja moja tu, akashangilia kwamba yake ndiyo makini, kumbe mafaili ya wagonjwa wote ameyapa jina moja! Sasa kwa kuwa haitofautishi wagonjwa, mbinu yake inatoa maonyo mia nne ya dawa kuchanganyika, kayazima yote eti kelele tu, wakati yangu ilitoa tisa, na mawili nimehakikisha ni makosa ya kweli. Nilipomwambia akanijibu, "Shemeji, moja na tatu ipi ndogo? Hebu saini ripoti ya ukaguzi tumalize." Mume wangu naye anataka nisaini, nisimvunjie kaka yake heshima. Nina hasira kweli. Nifanyeje?

Sikudhani, Nachingwea

MAMA LETISIA ANAJIBU:

Sikudhani, na mimi umenipandisha presha. Kompyuta siijui, lakini ukiniuliza nani kaanua korosho zangu, nikakujibu "mtu wa Narung'ombe", nimekupa jibu moja, lakini ni kijiji kizima. Mwingine akisema "Ashura au Mwamina", katoa mawili. Nani kakusaidia? Shemeji yako msomi mzima halioni hilo?

Lakini na wewe nakugombeza. Ulikubalije kushindanishwa kwa kipimo kile? Kila mbinu ikijipangia majina yake, idadi haisemi kitu. Zote mbili ziulizwe swali lile lile: dawa ya mgonjwa huyu inaweza kuingia faili la mwingine? Halafu mtazame maonyo mangapi ni ya kweli. Na hayo makosa mawili unayajua, unaniandikia mimi barua, mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati ile, hujampigia hata simu!

Heshima ya shemeji ni kumpisha kiti na kumpakulia kwanza. Saini yako haimo humo, na mumeo mwambie hivyo hivyo.

Usisaini. Leo hii nenda Ruangwa, mwonyeshe mganga makosa yote mawili, na programu isimame mpaka yarekebishwe. Hemedy atanuna wiki mbili, kisha atakuja kula kwako. Mama wa watu akimezeshwa dawa ya mwenzake, huenda asirudi tena kula kwake.