Chui Niliyemwamkia

Mama watoto,

Mimi mzima, ila mizigo ya wapanda mlima inanimaliza mgongo. Mvua imekata njia ya juu, tunapita kwenye mawe yanayoteleza.

Juzi nilimwona mpishi wetu amechuchumaa njiani. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba nipite." Akanipisha. Wenzangu nyuma wakapiga yowe: alikuwa chui! Sasa wananiita Moyo wa Jiwe, eti sikuogopa. "Vipi, alikuitikia marahaba?" Nami nacheka nao.

Wewe nikwambie kweli. Siku ile jua lilikuwa linawaka, lakini mimi niliona kivuli tu. Macho yananiacha, na msimamizi akijua, kazi sina.

Nashuka mwisho wa mwezi. Ukiniona stendi, usingoje nikutambue. Niite.

Ni mimi, mumeo.