Lile Deni la Chama Lilikuwa Langu

Mama,

Jumamosi tulinyoa nywele za kumaliza matanga yako. Wajukuu wako walilia wembe ulipowafikia, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha mzee wa ukoo akauliza, kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Malava nimezima simu? Nilikuwa na mikopo sita ya simu, nakopa huku nilipe kule, na mume wangu hajui lolote. Hukunigombeza. Ulinikalisha jikoni ukaniambia niandike yote nyuma ya kalenda, hata ule wa kuaibisha. Halafu ukauliza, "Hawa watu ofisi yao iko wapi, tuende tuwasalimie?" Ndivyo ulivyoishi. Ukikosa pesa ya mwenye duka, ulimwendea wewe kabla hajakutafuta. "Usijifichange," uliniambia. "Enda umwambie huna."

Ukawasha simu yangu. Kijana wa kudai madeni alipopiga na kuanza kufoka, ulimuuliza kama amekula. Mwishowe akakubali tulipe kidogo kidogo. Sijaona mtu jasiri kama wewe. Mikopo miwili iliyokuwa mibaya zaidi uliilipa kwa pesa za chama chenu cha kukopeshana, ukakopa kwa jina lako na kunikataza kusema.

Kwa hiyo Mama Roda, mweka hazina wa chama, aliposimama na kutaja elfu kumi na nane, watu waligeukiana. Kaka Wekesa akaapa kwamba hujawahi kukopa kiasi hicho. Mtu nyuma yangu akanong'ona, kumbe mama huyu alikuwa na mambo yake.

Wewe, kusemwa hivyo. Nilishindwa kuvumilia. Nilisimama, nikasema deni ni langu, nikaeleza yote mbele ya mume wangu. Wekesa aliinamisha kichwa. Mume wangu hakunisemesha siku mbili, na nilidhani ndoa imeisha. Jana asubuhi alivaa viatu, akaniambia twende kwa Mama Roda.

Mama Roda alifuta jina lako kitabuni, akaandika langu. Nilitazama mpaka akamaliza. Nitalipa lote, Mama, hata kama itachukua miaka. Wewe pumzika. Huna deni na mtu yeyote.

Binti yako,
Nekesa