Ngamia Wachache wa Takaba

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaykum. Nyanyako hajambo, anasema kwenye picha umekonda. Umeuliza kwa nini niliacha kazi ya uchumi nikaingia bungeni.

Nilitumwa Takaba kuhesabu mifugo, ili wenye mifugo mingi wachimbiwe kisima. Mzee mmoja akanijibu, "Ngamia wangu ni wachache tu, alhamdulillahi." Kwetu mtu hatangazi idadi ya ngamia wake, hata wewe unajua. Mimi, msomi mzima, nikaandika "wachache".

Mkubwa wangu Nairobi akacheka. "Wachache? Kisima cha nini?"

Nilimweleza desturi yetu, hakutaka kusikia. Kiangazi kile ngamia wakafa kwa kiu. Nikaacha kazi kwa hasira, nikaomba kura.

Leo ni mbunge, kisima bado hakijachimbwa, na watu wa Takaba wananikasirikia mimi. Wana haki.

Babu yako