Damu ya Issa Haikumuua

Kwa mke wangu Mama Zuhura, hapo Mwamgongo kwa mama.

Mmeamkaje huko? Mama kile kikohozi kinaendeleaje? Hilo ndilo nataka kulijua kwanza. Mimi mzima. Bado nakohoa kama injini ya boti iliyoingia maji, lakini unanijua, mamba wa Malagarasi aliwahi kunimeza akanitapika mwenyewe, nyama ngumu.

Naandika kwa mkono wangu, kwa hiki kisomo changu cha watu wazima, maana kwenye simu kaka yako hanipi nafasi. Anasema ndugu yenu Issa nilimpeleka hospitali anatembea, wakamtoa damu, akafa. Na mama kasikia, sasa naye hataki kupimwa.

Sikia ilivyokuwa. Mgonjwa nilikuwa mimi. Issa alinibebea mfuko tu, njia nzima ananicheka, eti nikifa anarithi tezo langu la kuchongea boti na dada yake anamrudisha nyumbani. Yeye alikohoa kidogo, hata hakujali.

Walipotupima puani, korona tunayo wote. Wakatutoa damu, kila mtu kachupa kake. Daktari aliporudi akanipita mimi, akamwambia Issa unalala hapa, unawekewa hewa. Issa akamwambia kachanganya chupa, mgonjwa ni huyu mzee. Wakamtoa tena. Majibu yale yale.

Daktari akatueleza: cha puani kinaonyesha ugonjwa umo, damu inaonyesha umekula kiasi gani. Ya Issa ilionyesha mwili unaungua kwa ndani, na damu imeanza kuganda. Mimi nikaambiwa nikajitenge nyumbani. Mimi, fundi boti ninayejulikana Ujiji nzima, nikarudishwa kama mtu anayejidekeza.

Issa akaniambia, “Shemeji, damu yangu mmbeya. Imenisema kwa daktari kabla mwenyewe sijajua.”

Nilicheka mpaka getini. Sikumwona tena. Pumzi ilimshinda, na hewa waliyomwekea haikutosha. Damu haikumuua, Mama Zuhura. Ilisema kweli, ila alishatembea na ule ugonjwa siku nyingi, anapiga misumari na kuimba.

Sasa nasikia mama anakohoa kidogo tu, anakwenda kuanika dagaa, ana nguvu. Nguvu hizo ndizo zinanitisha. Issa naye alikuwa nazo. Mkwe wangu sithubutu kumtania, lakini wewe mwanawe, mfunge kitambaa mdomoni umpandishe boti ya asubuhi, aje apimwe huku. Anilaani njia nzima, nitapokea.

Msalimie kaka yako, sina kinyongo naye. Na shangazi yako aliyepika matangani. Nasikia mazikoni watu walilia tu. Mimi shemeji, mtani wake, ndiye wa kuingia kaburini nikatae kutoka mpaka mnibembeleze, watu wacheke kidogo. Nilikuwa nimefungiwa huku. Issa kazikwa bila kutaniwa.

Siku zangu za kujitenga zimekwisha. Nitawangoja pale boti zinapotia nanga. Mwambie mama sindano ya kutoa damu nitaanza kuchomwa mimi, aangalie.

Mumeo,
Fundi Kassimu