Tumbo la Matambara

Mkata, Mei 1974

Mume wangu Baba Abdi,

Salamu zako za Korogwe zimefika. Mahindi yameanza kubeba. Kwenye kijiji hiki kipya nyumba zimebanana, mlango wetu bado ni gunia, na Abdi huingia na watoto wote wa jirani. Kwa hiyo ile bastola ndogo uliyoniachia, risasi zikiwa ndani, nimeizungushia matambara na kuifunga tumboni, chini ya kanga. Nikisinzia huota inacheza, inataka kutoka.

Kisimani wananipongeza. Jana jirani yetu Bi Swaumu alitaka kunipapasa tumbo, nikaruka nyuma kwa hofu.

Njoo uzitoe hizo risasi. Mama yako ameshaanza kuuliza mara ya mwisho ulilala hapa lini.

Mkeo anayetembea taratibu,
Mwanaidi