Mkono Wangu na Lori la Mji

Jumapili, 24 Februari
Daftari hili nimepewa bure na wakala wa bima. Cha bure sikikatai. Mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga wino – lakini nani atasoma? Mimi tu, na hata mimi kwa shida.

Lori la mji la kuondoa theluji limekufa. Tarehe tano Machi mkutano wa mji utaamua, wakazi wote kwa kuinua mikono. Ama tununue jipya kwa kodi, kila mtu kwa kadiri ya mali yake, ama tupokee la Langdon, yule tajiri mwenye jumba juu ya kilima. Anatoa lori jipya, zawadi! Sharti ni moja tu: theluji ikianguka, lianze na njia yake.

Mimi sijawahi kuinulia kodi mkono. Hata ya shule, na wanangu walisoma hapo hapo! Niliapa mbele ya mji mzima: siku nikiinua, nitavaa aproni nioshe vyombo vyote vya chakula cha mkutano. Mwanamume ni msimamo.

Jumatatu, 25 Februari
Nimempeleka Verna hospitali kusafishwa damu. Ndiyo kazi yetu sasa, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, tangu figo zake zigome. Barabara kavu. Nikamwambia, unaona mke wangu? Lori la nini? Akaongeza sauti ya redio. Verna akigusa redio, jihadhari.

Jumatano, 27 Februari
Theluji! Usiku kucha. Langdon alituazima lori lake eti tulionje. Tukalionja kwa macho. Taa zake tuliziona kule kilimani zikipanda na kushuka. Likasafisha njia yake, likasafisha mahali anapochezea tenisi. Tenisi, mwezi wa pili!

Verna kakaa mlangoni na koti lake, mkoba mapajani. Nikasema, usihangaike, mimi nilisukuma theluji kabla huyo Langdon hajaota meno. Nikawasha trekta. Nilikwenda vizuri sana, mpaka kwenye sanduku la barua pale kando ya barabara. Hapo mtaro ukanimeza.

Nani akaja kunivuta? Ardith Pelkey, jirani, huyo huyo anayepigia debe kodi ya lori. Tumegombana kila mkutano tangu tukiwa na nywele nyeusi. Akateremka garini na mnyororo.

“Mzee Orrin, ulikuwa unakwenda hospitali au kuvua samaki?”

“Nilikuwa napima kina cha mtaro,” nikasema.

“Enhe. Mji ukukumbuke kwa utafiti.”

Akampeleka Verna yeye. Walichelewa. Wakamsafisha nusu tu, maana zamu ya mgonjwa mwingine ilikuwa imefika.

Alhamisi, 28 Februari
Miguu ya Verna imevimba. Halalamiki. Wakati wa kula aliniuliza, “Mzee wangu, huo mkono wako una ugonjwa gani?” Nikamwambia maharage yamezidi chumvi. Hayakuwa na chumvi hata kidogo. Daktari kaikataza.

Jumamosi, 2 Machi
Jana barabara ilipitika, Verna kasafishwa vizuri. Miguu bado.

Leo dukani, mimi na wazee wenzangu pale kwenye jiko la kuni, akaingia Langdon mwenyewe. Mpole, mikono laini kama siagi. Akanishika bega. “Bwana Orrin, wewe unanielewa. Wewe na mimi hatupendi kodi.”

Wewe na mimi! Nikavimba kama bata mzinga. Nikawatazama wenzangu kuona kama wamesikia.

Alipotoka, Ardith, aliyekuwa akilipia vitu vyake, akasema kwa sauti, lori anatoa mara moja tu, kodi angetoa kila mwaka, tena kubwa kwa jumba lile! Kanunua zamu ya kwanza kwa bei ya chee, na sisi tumpigie makofi. Nikamjibu, wivu huo, mama. Watu wakacheka. Nilishinda.

Njiani kurudi nikawaza. Mimi na yeye. Yeye ana kilima, mimi nina mtaro.

Jumanne, 5 Machi
Naandika hapa hapa ukumbini, daftari gotini, ili nionekane nina shughuli. Nje theluji imeanza tena. Kesho ni zamu ya Verna.

Ardith kanitundikia aproni nyuma ya kiti. Ya maua! Ukumbi mzima umeiona.

Langdon kasema maneno mazuri, kapigiwa makofi. Mimi nikasimama. Nilitaka kusema jambo moja fupi. Nikajisikia naeleza dhoruba ya ujana wangu na jinsi nilivyookoa ng'ombe wa baba. Mwenyekiti akagonga meza: “Mzee Orrin, hoja ni lori.” Kicheko. Nikakaa. Na ng'ombe mwenyewe alijiokoa, kusema kweli.

Verna kaichukua ile aproni, kaikunja taratibu, kaniwekea mapajani. Kavaa buti zangu. Zake hazimwingii tena.

Sasa mwenyekiti anasema, wanaokubali kodi ya lori, mikono juu. Wa Ardith ulikuwa juu kabla hajamaliza. Wa Verna umepanda. Langdon ananitazama, anatabasamu, mwenzake mimi. Karani anahesabu safu kwa safu. Mikono si mingi, si michache. Sasa karani yuko safu ya mbele yetu. Mkono wangu wa kushoto umeshika daftari lisianguke. Wa kulia ndio huu unaoandika, na mtu hawezi kuandika huku mkono uko ju–